Jambia Kwenye Picha ya Mkwe

Mahrous mchoraji alikuja Ibra, Omani, kutoka Unguja mwaka 1972, na sandukuni mwake mlikuwa na kitabu kimoja tu, cha picha za waungwana wa Ulaya wa karne ya kumi na nane. Alikitazama kutwa. Hakuwa na mke, hakuwa na mgeni, na ulimi wake ulikuwa mkali. Watu wa mtaa mzima hawakumpenda, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Nilimpelekea picha ya studio ya marehemu mkwe wangu, baba wa mume wangu, fundi wa kushona kanzu, amchore kwa rangi. Watu wa mji wa Samad walikuwa wanakuja Alhamisi kumposa binti yangu Azza. Niliogopa wasije wakasema sisi wa kutoka Afrika hatuna asili.

Alimchora vizuri, sikatai. Kakaa wima, mdomo kaufumba, mikono imetulia mapajani, kidole kina alama za sindano. Lakini kiunoni, pahala pa jambia la muungwana wa Kiomani, hamna kitu.

"Jambia liko wapi?"

"Alilivaa lini?"

"Mtie tu, Mahrous. Wageni watatazama."

Akanifunulia kitabu chake. "Mtazame bwana huyu. Hana upanga, hacheki, na wewe ushashusha sauti. Mkweo hakuwa mtu wa kelele. Simpigii kelele mimi."

"Wewe unajua nini habari ya kuoza binti?"

"Sijui. Chukua picha utoke."

Njia nzima nilimtukana. Shemeji yangu Yaarub akaipeleka kwa mwandika mabango ya maduka, naye akatia jambia kubwa la dhahabu, kaliiga kwenye nembo ya serikali iliyo kwenye noti ya riali. Likafunika mikono yote miwili.

Alhamisi nilikuwa nyuma ya pazia. Baba wa mposaji, Marzouq, aliitazama picha, akacheka hata kahawa ikamwagika.

"Yaarub, jambia hili nalijua, ninalo mfukoni! Marehemu alikuwa wizara gani?"

Wenzake wakaangua kicheko. Posa hawakuitaja. Wakaaga, wala hawakurudi.

Ijumaa nikapiga hodi kwa Mahrous, picha mkononi. Hakunikaribisha. Rangi ya yule wa mabango ilikuwa bado mbichi, na ya Mahrous, ya chini, alikwisha kuipaka vanishi isifutike. Akalifuta jambia kwa kitambaa na tapentaini. Mikono ikatokea.

"Usinirudie tena."

Sikumrudia. Alifariki 1985, na hata leo simsifu. Alinifukuza mara mbili kama paka wa jikoni. Lakini siku ile nilipoitundika, Azza hakuniuliza habari ya posa. Alikitazama kile kidole chenye alama za sindano, akasema, "Babu."