Kizibao cha Kifungo

Mtaani walimwita Sponji, kwa sababu nyusi zake hazikukosa chembe za sponji ya makochi hata siku za mapumziko. Alikuwa fundi wa viti, mtu wa mikono mipana na maneno machache, na katika maisha yake yote hakuwahi kufuga hata kuku. Mbwa ndiyo kabisa. Akimwona mtu amekumbatia kambwa kadogo, alikuwa akisema, "Huyo si mbwa, hicho ni kiatu chenye mkia."

Mdomo ukamponza. Mama mkwe wake, aliyeishi peke yake upande wa pili wa mji, aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshawashwa, lakini yule mama alikataa kuingizwa mpaka akabidhi mzigo wake. Akamnyooshea mkwewe taulo lililokunjwa kama la mtoto mchanga. Ndani yake mlikuwa na mbwa mweupe mwenye pua nyeusi ya mviringo, ambayo ndiyo iliyompa jina la Kifungo.

"Mkwe wangu, nakuachia roho yangu. Nikitoka nimkute."

"Utamkuta, mama."

Neno likatoka kabla hajalipima. Jioni mkewe alipomuuliza mbwa anaendeleaje, Sponji alijibu kwamba jina lenyewe limekaa sawa: yeye ndiye aliyefungwa, na hajui ni kifungo cha miezi mingapi.

Siku tatu za kwanza zilipita salama. Mkewe alishinda wodini kumwuguza mama yake, na Sponji alishinda karakana, banda lililojengwa uani kwake, mbwa akiwa amelala juu ya vipande vya vitambaa. Siku ya nne, saa nne asubuhi, jirani yao, mwalimu mstaafu, alipiga ukelele uliowatoa watu majumbani. Mbwa wake mchanga alikuwa akiota jua barazani. Mbweha wawili waliruka ukuta, na mwalimu alipotoka jikoni na mwiko mkononi, alikuta mkanda wa shingoni tu.

"Mchana kweupe!" alirudia kusema. "Mchana kweupe, na mimi nipo ndani!"

Watu wakaeleza sababu. Nyuma ya mtaa palikuwa na kichaka kikubwa, na tingatinga lilikuwa likikisafisha ili ipite barabara. Wanyama walikosa pa kukaa, wakashuka kwenye mitaro na majalala. Sponji alisikiliza, kisha akarudi uani kwake bila kuaga. Alikuwa akisikia sauti ya mama mkwe: nikitoka nimkute.

Siku hiyo hakushona kochi hata moja. Alizunguka ua akiwa amepiga magoti, akipitisha mkono chini ya uzio kama anayetafuta sindano iliyodondoka. Alikuta matundu mawili yanayopitisha kichwa. Akachimba mtaro mwembamba kuuzunguka uzio, akafukia waya wa wavu, akajaza mawe. Akafyeka majani, akafunika pipa la taka. Tangu hapo Kifungo hakutoka nje ila kwa kamba, na Sponji alimsindikiza haja ndogo akiwa na nyundo mkononi, huku akitazama kushoto na kulia kama mwizi.

"Mume wangu, hata mimi nilipokuwa na mimba hukunilinda hivi," mkewe alimtania.

"Wewe una meno makubwa," alimjibu, lakini hakucheka.

Usingizi ulimruka. Akili nayo ikahama: alishona foronya ya mto upande wa ndani ukiwa nje, mteja akamrudishia. Ndipo alipochukua ngozi ngumu iliyobaki kwenye kazi za viti vya ofisi, akampima mbwa kwa utepe, akamkatia kizibao. Katikati akatia sponji unene wa vidole viwili, shingoni akaweka ukosi mpana mgumu. Kifungo alipovaa alisimama kama kimeza, akamtazama fundi kwa masikitiko makubwa.

"Unanuna? Nuna ukiwa hai," Sponji alimwambia.

Wiki ya pili, alasiri, dereva wa pikapu alikuja kuchukua kochi la watu watatu. Kochi halikupita bila kufungua lango lote. Sponji alimfunga Kifungo kwenye mguu wa benchi, akakagua fundo mara mbili, akainua upande wake wa kochi. Walikuwa wamefika katikati ya lango aliposikia mlio mwembamba, kama wa mlango usiotiwa mafuta. Aligeuka. Mbweha mkondefu, mwenye ubavu uliopukutika manyoya, alikuwa amepenya kando ya pikapu na kumkamata Kifungo mgongoni, anavuta, kamba imenyooka, benchi linaburuzika.

Sponji aliachia kochi. Dereva alipiga kelele, kochi limemkalia kidole cha mguu, lakini fundi hakumsikia. Alitupa nyundo, ikakosa. Akamrukia mnyama kwa mikono mitupu, akashika kizibao na kuvuta kwake. Mbweha aliachia, akadaka tena, safari hii paja la nyuma ambalo ngozi haikulifikia, kisha akamgeukia fundi na kumchana kiganja kwa meno. Dereva akaja anachechemea, amebeba ubao. Mbweha akatoka mbio, kipande cha sponji kimemning'inia mdomoni.

Kifungo alikuwa anapumua. Mgongoni hapakuwa na hata mkwaruzo, ila paja lilikuwa linavuja damu.

"Bomba liko wapi?" dereva aliuliza. "Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima, wewe na yeye. Shangazi yangu alipuuza. Sitaki kukusimulia."

Hospitali walimchoma Sponji sindano ya kwanza ya kinga ya kichaa cha mbwa, wakampa tarehe za nyingine. Hilo lilikuwa jepesi. Zito lilikuwa kwa daktari wa mifugo, mwanamke kijana asiyezungusha maneno.

"Huyu amechanjwa?"

"Sijui, daktari. Si wangu."

"Basi nitafutie kadi yake. Kama amechanjwa, namwongezea chanjo, tunamchunga siku arobaini na tano. Kama hajachanjwa, itabidi tuzungumze mambo ambayo mimi na wewe hatuyapendi. Nipe jibu kesho kabla ya saa sita."

Sponji na mkewe walipekua nyumba ya mama mkwe mpaka chini ya godoro. Walikuta risiti za miaka kumi na picha za Kifungo zaidi ya za wajukuu. Kadi hawakuiona.

"Usimwambie mama," mkewe alisihi. "Presha yake imeshuka jana tu."

"Sasa nimuulize nani? Mbwa?"

Asubuhi alikwenda wodini peke yake. Mkono wenye bandeji aliuficha mfukoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Toa mkono mfukoni."

Akautoa.

"Una nini?"

"Sindano ya kushonea, mama."

"Miaka yote unashona, ndiyo leo sindano ikuume mpaka ufungwe kama mguu wangu?" Akamkazia macho. "Kifungo yuko wapi?"

Alikaa kwenye ukingo wa kiti, akaeleza yote, mwanzo mpaka mwisho, akitazama sakafu. Alipomaliza, mama mkwe alikuwa amefumba macho. Sponji akaangalia kifua chake kama kinapanda na kushuka.

"Vuta mkoba wangu hapo chini ya kitanda," hatimaye alisema.

Kadi ilikuwa ndani, imebanwa pamoja na kitambulisho chake. Chanjo ya mwisho ilikuwa ya miezi saba iliyopita.

"Umekuja nayo hospitali, mama?"

"Nilikuwa nakuogopa wewe," alisema, bado amefumba macho. "Nilijua humpendi. Nikasema, akitaka kumgawa, basi amgawe bila karatasi, mtu amkatae. Nisamehe, mwanangu."

Sponji alitazama saa ya ukutani, ilikuwa saa tano na robo. Akaomba ruhusa, akatoka karibu anakimbia.

Kifungo aliongezewa chanjo, akashonwa paja. Siku arobaini na tano Sponji alimchungulia kila asubuhi: amekula, amekunywa, anamtambua, hachechemei kuliko jana? Kila mbwa alipokohoa, fundi aliacha mkasi. Akamshonea kizibao kipya, akakirefusha mpaka kikafunika mapaja.

Mama mkwe alipotoka hospitali alihamia kwao, akiwa na fimbo ya kutembelea. Siku ya arobaini na sita daktari alimpapasa mbwa, akasema mzima. Mke wa Sponji akacheka kwa sauti, mama yake akafuta machozi. Sponji alishukuru, akambeba Kifungo kifuani hadi nyumbani, akaingia uani kinyumenyume, macho yake kwenye mtaro wa barabarani, mpaka aliposikia komeo la lango limelia.