Glavu za Pacha

Hebu mwone anavyoingia wodini, msomaji wangu: mama mfupi, raba zisizo na kishindo, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi. Anasalimia vitanda kwanza, wauguzi wenzake baadaye. Wanamwita Mama Mshipa. Mshipa ujifiche utakavyo, yeye hufumba macho, akapapasa kwa kidole, akaupata. Daktari mkuu mwenyewe alipougua, hakukubali kuchomwa na mwingine.

Machachari, nesi aliyefunzwa kazi na mama huyo, alimwiga kwa kila kitu isipokuwa pacha. Neno hilo alilizua mwenyewe kwa utani, na wodi nzima ikalidaka. Faili likiwa na kinyota cha penseli pembeni, mgonjwa ana virusi vya UKIMWI. Hapo wauguzi huvaa glavu mbili mbili. "Huyu wa pacha," husema Machachari, na wenzake hucheka. Mama Mshipa hakuwahi kuvaa pacha. Machachari aliona ni ukaidi wa watu wazima.

Asubuhi moja aliletwa dada aliyeharisha siku tatu, midomo imempasuka kwa ukavu. Alihitaji dripu upesi. Faili lilikuwa na kinyota. Machachari akavaa pacha, akachoma, akakosa. Akarudia mara tatu.

"Nesi," mgonjwa akasema kwa taabu, "mbona unanishika kama kaa la moto?"

Machachari akaiweka sindano chini, akaenda kumwita mwalimu wake. Mama Mshipa akanawa, akavaa glavu moja moja, akafumba macho.

"Mama, kinyota umekiona?" Machachari akamnong'oneza.

"Nimekiona, mwanangu. Wewe ndiye hukuuona mshipa. Utausikiaje chini ya mpira juu ya mpira?"

"Si tahadhari, mama?"

"Tahadhari ni glavu moja, kwa kila mtu. Ya pili ni woga."

Sindano ikaingia. Damu ikachungulia, matone yakaanza kushuka. Ndipo mama akasema, kwa sauti ile ile ya kazi, "Hata mimi nina kinyota. Huu mwaka wa kumi na sita. Nipe plasta."

Mgonjwa akageuza kichwa, akamtazama kama mtu anayeona jua likichomoza chumbani. Machachari akatoa plasta, akaiweka kwenye vidole vya mama. Vidole hivi ndivyo vilivyoongoza vyake siku ya kwanza ya kazi. Na masikio haya yamesikia utani wa pacha kila siku. Bado kila asubuhi mama huyu anakuja, anasalimia vitanda.

Machachari akachukua kifutio, akafuta vinyota vyote, faili baada ya faili. Siri ya mama akaifungia kifuani.

Saa ya chai, muuguzi mmoja akainua kichwa. "Eti Machachari, yule wa leo ni wa pacha?"

Wote wakamgeukia, vicheko vikiwa tayari mdomoni. Mama Mshipa alikuwa akikoroga sukari, macho kikombeni.

Wewe ungewajibu nini?