Viti Vitupu vya Basi la Kwanza

Sisi tuliolea watoto kwenye yale maghorofa ya kupanga ya Takoma Park, hapa Marekani, miaka ya tisini ikielekea kuisha, tunajua Jumamosi ilikuwa na sauti gani. Watoto walicheza kati, ule mchezo wa kumlenga kwa mpira aliye katikati, kwenye maegesho ya magari, mpira wao ukiwa soksi kuukuu iliyojazwa magazeti. Niliwafundisha mwenyewe, kama tulivyocheza Kisii. Mpira ukigonga gari la mtu, wote walitoweka na wewe mzazi ukabaki kuomba radhi. Kwetu kulinukia chapati, kwa Mama Nadine, jirani yetu Mkongo, kulinukia sombe, kisamvu cha kwao, na watoto walikula popote njaa ilipowakuta. Theluji ikianguka walivaa soksi mikononi. Leo mjukuu wangu ana glavu za kila aina na nje hatoki.

Asubuhi za shule mabasi mawili ya njano yalipita kwenye kona yetu. La kwanza lilikwenda mbali, kwenye shule yenye darasa la watoto wenye vipaji. Walilipanda watoto wa nyumba zenye bustani za ng'ambo ya barabara, karibu wote Wazungu, na nusu ya viti vyake vilikuwa vitupu. La pili lilijaa wetu wa maghorofani, weusi na Walatino, wamebanana watatu watatu. Tuliliona jambo hilo kila siku kama mtu anavyoona mvua.

Binti yangu Kemunto alikuwa na miaka tisa. Shule ilisikia jina lake na lafudhi yangu, ikamweka na wanaojifunza Kiingereza. Akarudi nyumbani na picha ya tofaa ya kupaka rangi, na jioni hiyo hiyo akanisomea gazeti huku akinisahihisha matamshi. Hesabu ndiyo usiseme. Nadine, binti wa jirani, alijifunza kugawanya kutoka kwake, pale kwenye ngazi zetu.

Siku moja Mama Nadine alinisimamisha mlangoni. "Baba Kemunto, uyu mtoto wako, pale walimuweka si pake. Wazungu wanaenda kuomba mtihani ya ile darasa ya vipaji. Nenda na weye uombe."

"Hawajaniita," nikamjibu.

"Hata miye hawakuniita. Nilienda kule ku masomo na kitenge yangu, Kiingereza sijui, nikakaa mpaka wakachoka na sura yangu."

Nilicheka. Baba yangu alikanyaga shule yangu mara moja tu, siku niliyovunja kioo cha dirisha, akiwa na koti lake la kanisani. Kwangu, mzazi aliyekwenda shuleni bila kuitwa alikuwa anamfundisha mwalimu kazi. Isitoshe nilikuwa na kidato cha nne, nikajiona nazijua adabu za shule kuliko mama yule. Mke wangu, aliyekuwa akitunza wazee Rockville, alinisihi. Nikasema, "Mwalimu anajua." Ukweli ni kwamba niliogopa pia kusikika nikiongea.

Shule zilipofunguliwa, Nadine alipanda basi la kwanza. Kemunto alimpungia mkono, akaniuliza, "Baba, utaenda lini?"

"Wakituhitaji watatuita."

Hakuuliza tena. Jumamosi waliendelea kucheza kati, lakini pale kwenye ngazi Nadine sasa alikuwa na hesabu ambazo Kemunto hajawahi kuziona, na mwalimu akawa yeye.

Kemunto sasa anaishi Gaithersburg na ana mtoto wa miaka tisa. Hajawahi kunilaumu. Siku hizi mtoto yeyote akikosa swali moja, mama yake yuko shuleni kabla kengele haijalia, na mimi huwa nawacheka wazazi wa namna hiyo. Mwezi uliopita Kemunto alisimamisha gari mbele ya shule ya mwanawe, akafungua mkanda.

"Nisubiri, Baba. Nataka kuuliza kuhusu hilo darasa la hesabu."

"Wamekuita?"

Akanitazama, si kwa hasira. "Hawaiti mtu, Baba."

Akaingia. Uwanjani watoto walikuwa wameinamia simu, hakuna hata mmoja anayejua kati. Mabasi ya njano yalikuwa yamejipanga kando ya ukuta, nami nikajikuta nachungulia madirisha yake, moja baada ya jingine, nikitafuta lenye viti vitupu.