Kisiwa cha Baba

Wiki nzima usingizi ulinikataa, nikijiuliza kama baba angekuwa hai laiti ningesema ukweli. Nilikuwa nimepita stendi ya Same na bahasha ya vyeti vyangu, nikitafuta kazi, nikaona samaki aina ya perege waliokaushwa wamepangwa kwenye beseni, nikamkumbuka baba.

Wakati ule nilikuwa na miaka tisa. Sisi tuliishi mlimani, Shighatini, na baba alikata mkonge huko tambarare. Likizo ile mama alinipandisha gari nikamwone. Baba alinipokea barabarani, akanivusha kwa mtumbwi bwawani hadi kisiwa kidogo cha kijani, kimya kabisa. Matete yalinuka tope, na moshi wa samaki ulinichoma macho. Kulikuwa na kibanda kimoja tu. Nilidhani shamba la mkonge limempa baba kisiwa kwa sababu ni mchapakazi.

"Baba, sasa wewe ni bosi?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Bosi wa vyura. Ila mama yako mwambie bado nakata mkonge. Mwanamume hapandi mlima mikono mitupu."

Nilimwambia mama hivyo hivyo, kwa fahari, bila kutaja kisiwa. Sasa najua shamba lilikuwa limeuzwa na wafanyakazi wamepunguzwa, naye akawa anaishi kwa kuvua. Masika yaliyofuata homa ilimuua kisiwani, peke yake. Wavuvi ndio walioleta habari, na miaka yote mama hakujua kwamba mimi nilishafika pale.

Jumapili hii, baada ya ibada, nilimweleza mama yote. Aliacha kuchambua maharage.

"Ningejua, ningemfuata," alisema.