Mke Mwenzangu wa Ufini

Mjukuu wangu namwita mume wangu, kama bibi yeyote wa Tanga anavyomtania mjukuu wa kiume. Kwa hiyo bibi yake mwingine, Mfini aliyemzaa baba yake, ni mke mwenzangu. Binti yangu alicheka nilipomwambia hivyo. Mimi sikuwa natania sana. Mwenzangu anakaa mtaa mmoja na mtoto, hukohuko Ufini, na kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana humsimulia hadithi mpaka alale. Mimi niko Usagara, hapa Tanga, na mtoto hajui Kiswahili zaidi ya "bibi".

Nikaamua kujifunza Kifini ili nami nimsimulie. Nilifundisha Kiswahili shuleni mpaka nikastaafu, nikajipa moyo kama nilivyowapa wanafunzi. Binti yangu akawa ananirekodia masomo kwenye simu. Kilichonitesa ni maneno kama *nukkuva*, yaani "anayelala". Lakini ukilitazama polepole, si gumu. Paka anayelala ni *nukkuva kissa*. Ukitaka kusema mkia ni wa paka huyo, ni *nukkuvan kissan*. Ukitaka kumpa samaki, ni *nukkuvalle kissalle*. *Kissa* ikibadili mwisho wake, na *nukkuva* inabadili wake, kama wanawake wawili walioshona sare ya harusi: kitambaa cha mmoja kikibadilika, cha mwenzake nacho hubadilika. Niliyarudia hayo nikikuna nazi, mpaka nikatunga hadithi ya paka mvivu wa Raskazone aliyeletewa samaki usingizini.

Jumamosi moja nikapiga simu ya video mapema, kabla mwenzangu hajaanza. Mtoto akanisikiliza. Nilipofika kwenye mkia wa paka akacheka, tena pale hasa panapochekesha. Nikajiona nimemshinda mwenzangu. Mara mtoto akaruka, akaenda kumwita aje asikie.

Akaja na soksi anayoifuma. Mtoto akampanda mapajani, na kabla samaki hajafika alikuwa ameshalala. Mwenzangu akainua simu ili nimwone vizuri. Nilimwona. Niliuona pia ule mkono uliokuwa ukizipapasa nywele zake, nywele alizozitoa kwangu.

Akaninong'oneza kwa Kifini rahisi, ili nielewe, "Paka alipoamka, ikawaje?"

"Nitamwambia mume wangu akiamka," nikamjibu kwa Kiswahili.

Binti yangu alikuwa pembeni yake, amejiziba mdomo. Hakumtafsiria.