Clarrie Trembath na Neno la Herufi Tisa

Pale Penrowan, mji wa ngano wenye barabara moja tu ya maana, watu wazima hawaianzi siku kabla hawajapita kwa Glenys. Glenys ndiye mwoka mikate. Mkate wake ni mzuri na pai zake za nyama ni nzuri zaidi, lakini wengi hawavutwi na hayo. Wanavutwa na gazeti, na ndani ya gazeti ule mraba wenye herufi tisa za Kiingereza, moja ikiwa katikati. Unazichukua herufi hizo, unaunda maneno kadiri uwezavyo, na kila neno sharti liwe na ile ya katikati. Miongoni mwa hayo yote limejificha moja linalozimaliza herufi zote tisa. Hilo sasa ndilo baba lao.

Gazeti ni moja, na meza iliyo karibu na tanuri ni moja, ina viti vitatu. Na kuna desturi pale ambayo hakuna aliyewahi kuiandika wala anayethubutu kuivunja: kwenye viti vile hukai kwa kununua mkate, unakaa kwa neno. Kimoja ni cha Una Pascoe, aliyekuwa akipanga barua posta. Cha pili ni cha Merv Kleinig, dereva wa lori mstaafu, mtu wa tumbo na mdomo. Cha tatu kilikuwa cha mzee Des, lakini Des kahamia kwa binti yake, kiti kikabaki kitupu. Glenys akatangaza huku akijikung'uta unga mikononi: "Atakayetoa neno kubwa kabla sijaleta birika la pili, kiti chake."

Clarrie Trembath alikitaka kiti kile kuliko kitu chochote. Alikuwa amefanya kazi kwenye ghala la ngano hadi kustaafu, na tangu amzike mkewe Joy nyumba imekuwa kimya kiasi kwamba akitoka huwaaga kuku. Anayenunua mkate, basi, kanunua, aende zake. Mwenye kiti anakaa, anabisha, anatukanwa kidogo, anarudi kwake amechangamka. Shida ni kwamba kwenye maneno Clarrie alikuwa mzito. Akizitazama zile herufi aliziona zimekaa tu, kama kunguru juu ya uzio.

Basi asubuhi moja, kuku hawajashuka bado, akampigia simu dada yake Avis kule Adelaide, jiji kubwa. Hawa wawili walikuwa hawaongei ila Krismasi, kwa sababu ya saa ya ukutani ya marehemu mama yao, na hata Krismasi waliongea kwa kifupi.

"Nani kafa?" Avis akauliza.

"Hajafa mtu, dada. Gazeti limeshafika kwako?"

"Limefika. Kwani siku hizi unasoma?"

"Nataka neno kubwa la leo. Lile la herufi tisa."

Avis akacheka mpaka akakohoa. "Clarrie wewe! Ulikuwa unanakili hesabu zangu ukiwa na kaptula. Hujaacha tu?"

"Dada, tafadhali."

"*Crocodile*. Mamba. Nimelipata nikisubiri mkate uive. Una nini lakini?"

Clarrie akakata simu, akavaa shati la kanisani.

Sasa, jambo hili kila mtu Penrowan analijua, na Clarrie alilijua vilevile, ila furaha ilimsahaulisha. Toleo la gazeti la mashambani huchapwa mapema, kabla ya lile la mjini, ili liwahi lori la usiku, na fumbo lake huwa nyuma kwa siku moja.

Njia nzima alijifunza namna ya kuigiza. Atakuna kichwa, atasema aa-aa, ataangalia dari, kisha ndipo. Lakini alipoingia na kumwona Glenys anakata kamba iliyofunga gazeti, Una bado anatafuta miwani, mdomo ukamponyoka.

"*Crocodile!*"

Una akaipata miwani yake.

"Mamba katokea wapi, bwana?" Merv akauliza. "Gazeti halijafunguliwa."

Una akalifungua taratibu, akaweka kidole juu ya mraba. "Katikati ni K. Pembeni kuna A, B, E... C hamna. O hamna. Clarrie, hapa hamna hata mkia wa mamba."

Merv alicheka mpaka ikabidi apigwe mgongoni. Clarrie alisimama pale na shati lake la kanisani, masikio mekundu kama nyanya.

"Umempigia nani?" Glenys akauliza.

"Avis. Dada yangu wa mjini."

"Yule mliyegombana naye?" Una akashangaa. "Umemwamsha mtu usiyeongea naye kwa ajili ya kiti?"

"Alikuwa macho," Clarrie akajitetea.

Wakaendelea kulitafuta neno, na siku hiyo halikuja. Wakatafuna mayai, wakatafuna mkate, wakakuna vichwa. Glenys akaona birika la pili linakaribia kuchemka, akamwambia Clarrie, "Hebu nipe namba yake." Akapiga, akamsomea Avis herufi moja moja. Hata hakumaliza.

"*Breakfast*. Kifungua kinywa," Avis akasema, na sauti yake ikasikika mpaka mezani. "Kwani nyie mnakula nini hapo saa hizi?"

Merv akaitazama sahani yake ya chai ya asubuhi kwa muda mrefu.

"Basi," Glenys akasema, "kiti kimepata mwenyewe."

"Lakini hayupo!" Clarrie karibu alie.

"Aje," akasema Una.

"Nije wapi?" ikauliza simu.

Kesho yake neno la gazeti likawa mamba, sawasawa kabisa. Duka zima liligeuka kumtazama Clarrie. Yeye akaomba mkate wake, akalipa, akatoka.

Alhamisi Avis akashuka basi na masanduku ambayo si ya mtu wa kukaa wiki moja. Asubuhi iliyofuata akakikalia kiti cha Des kana kwamba kilichongwa kwa kipimo chake, akaanza kumsahihisha Merv. Clarrie alibaki mlangoni na mkate kwapani. Jioni, nyumbani, akasahihishwa yeye: vikombe umevitundika vibaya, kuku wako wanene, na ile saa, usidhani nimesahau.

"Nimekosa kiti," alimlalamikia Una barabarani, "nimeletewa mkuu wa gereza."

"Umekosa kiti lakini hujakonda," Una akamjibu. "Unaongea sana siku hizi, unajua?"

Jumapili Glenys hafungui duka. Avis akaona ni upuuzi fumbo la Jumapili, ambalo ndilo gumu, lifanywe na kila mtu peke yake, akawaita wote jikoni kwa Clarrie bila kumuuliza mwenye nyumba. Wakaja. Merv akakalia kiti cha dirishani, Una akachukua kile chenye mto, Glenys akaja na mumewe na pai, na majirani wawili wakafuata harufu. Clarrie alizunguka meza yake na birika mkononi, akatafuta kiti ndani ya nyumba yake mwenyewe, hakukiona. Akaegemea jokofu.

"Clarrie," Merv akasema bila kuinua macho, "acha kupumua juu ya kichwa changu. Una neno au huna?"

"Ninalo," Clarrie akasema.

Akalitaja. Wote wakamrukia kwa pamoja kwamba halimo, halijawahi kuwamo, na wala si neno. Clarrie akaweka birika chini ili abishe vizuri.