Mkutano wa Januari, Watu Wako Shamba

Siku ya kwanza niliporipoti Ifakara kama afisa mipango, mkuu wa idara hakuniuliza hata habari za safari. Alinikabidhi bunda la fomu akasema, "Sasa hivi madaraka yako kijijini. Wananchi wanapanga wenyewe, wewe unaleta mihtasari. Mwisho Januari." Nilifurahi, nakiri. Ugatuaji, yaani kuyashusha madaraka kutoka juu yawafikie watu, niliuona ndiyo dawa ya vijiji vya pembezoni kuachwa nyuma na vya barabarani.

Sasa ninyi mnaosoma, mmewahi kufika Kilombero mwezi Januari? Kijiji changu cha kwanza kilikuwa mbele ya Mchombe. Nilikuta makufuli milangoni na mbuzi wamelala barazani pa ofisi. Mvua zikianza, watu wa huku huhamia shamba. Wanavuka mto na sufuria, kuku na watoto, wanaishi kwenye vibanda mpaka mpunga uvunwe. Waliobaki ni wenye maduka na mtendaji. Mkutano mkuu wa kijiji una akidi, idadi ambayo isipotimia mkutano si halali. Sisi tulikuwa kumi na mmoja.

Nikampigia bosi.

"Si una rejesta ya kijiji?" akafoka. "Andika mahudhurio! Au unataka kijiji kikose bajeti kwa sababu ya watu wanaopanda mpunga?"

Nikaandika. Watu waliokuwa matopeni ng'ambo ya mto niliwajaza mmoja mmoja, kwa mwandiko mzuri kabisa. Kipaumbele cha kwanza kikatoka uzio wa soko.

Uzio ulipokamilika, Mama Siwema, mkulima wa kijiji hicho, alinifuata ofisini. Mkwe wake alikuwa amejifungulia kwenye mtumbwi, mto umefurika, na mtoto hakupona.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Nasikia nilikuwepo mkutanoni nikachagua uzio. Mimi nilitaka daraja, mwanangu. Uliniona wapi?"

Swali hilo linaniuma mpaka leo.

Mwaka uliofuata nikaupeleka mkutano shambani. Wandamba, Wapogoro, Wasukuma wenye ng'ombe wao, wote walikuja, wakabishana mchana kutwa, wakatoka na neno moja: daraja la miguu. Mkuu mpya wa idara akanirudishia muhtasari. "Mkutano wa kijiji hufanyika kijijini." Nikamwomba basi tuusogeze Agosti, watu wakiwa majumbani. "Kalenda inatoka juu," akasema, akaendelea na chai yake.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Walitushushia madaraka, kalenda wakabaki nayo! Nilihamishiwa Kiberege, nikarudishwa, nikabadilishiwa wakuu mpaka nikachoka kuwakariri, na kila Januari ilikuwa ileile. Wa barabarani walizidi kupata, wa ng'ambo walizidi kusubiri.

Nimestaafu. Nalima mpunga ng'ambo ya mto uleule, jirani na Mama Siwema, na daraja bado hakuna. Januari hii simu iliita nikiwa nimeinama na miche mkononi. Alikuwa afisa mipango mpya, binti mwenye adabu zake.

"Shikamoo mzee. Kesho kuna mkutano wa vipaumbele, ofisi ya kijiji."

"Marahaba. Mwanangu, tuko shamba huku, wote. Mto umejaa, hatuwezi kuvuka."

"Aa, usijali mzee wangu," akanituliza. "Nitakuandikia umehudhuria."